Shule ya bweni imewachukulia Wanenets kingi kuliko bomba la gesi

Mwezi Machi, katika sikukuu ya wafugaji mjini Salekhard, nilimtazama mama wa Kinenets, kabila la wafugaji wa kaskazini mwa Urusi, akisimamisha hema la familia yake: nguzo ndefu zikaegemezwa kileleni, ngozi za reni, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe kama za kulungu, zikazungushwa, jiko la chuma likawekwa katikati, na punde moshi ukaanza kutoka. Hema hilo, ambalo Warusi huliita chum, ni himaya ya mwanamke, kama ilivyo nyumba kwetu Longido, ambako mama wa Kimaasai ndiye mjenzi.

Huu ni mwaka wangu wa saba Siberia, na kila mara watu wa nyumbani huniuliza kuhusu baridi. Mimi huwaeleza habari za Wanenets, ambao huhama mamia ya kilomita katika rasi ya Yamal wakifuata malisho ya reni wao, na ambao kila utawala umetaka kuwapanga upya. Wafalme wa Urusi waliwatoza kodi ya manyoya. Wasovieti waliingiza mifugo yao katika mashamba ya pamoja na kuwatesa waganga wao, hata Wanenets wakaasi mwaka 1934 na tena 1943, wakazimwa. Leo njia zao zinakatizwa na mabomba na reli ya kwenda kwenye gesi ya Bovanenkovo.

Hata hivyo, naamini kilichowaumiza zaidi ni bweni. Helikopta huwachukua watoto wadogo kutoka tundra, yaani nyika baridi isiyo na miti, nao hukaa mbali na wazazi kwa miezi mingi, wakirudi na Kirusi fasaha na mikono isiyozoea kamba ya kunasia reni. Nayajua maumivu hayo, kwa kuwa nilipelekwa bweni nikiwa na miaka saba na kuchapwa kwa kusema Kimaasai. Kwetu, tena, ardhi yenyewe inapungua: wazee walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, na tangu 2022 familia za Ngorongoro zinahamishiwa Msomera, Handeni. Yamal angalau zimeanzishwa shule chache zinazohama, ambapo mwalimu huishi kambini pamoja na wafugaji. Sioni kwa nini mwalimu wa Tanzania asiweze kuishi bomani vivyo hivyo.

Mtoto wa yule mama, aliyeruhusiwa kutoka bwenini kwa sikukuu hiyo, aliniuliza kwa Kirusi kama ng'ombe wetu wana majina. Nikamwambia kwamba babu yangu alimwita kila mmoja kwa jina lake. Akaniomba nimtajie. Nilikumbuka mawili.