Mseto wa Dresden na nusu mkate wa Nairobi

Kila uchaguzi wa majimbo ya mashariki mwa Ujerumani unapokaribia, magazeti ya huku huanza kuandika "Kenia" kwa herufi kubwa, na Mkenya anayepita karibu na kibanda cha magazeti hushtuka akidhani kuna jambo limetokea nyumbani. Kumbe ni rangi tu. Kila chama kina rangi yake: CDU ni weusi, SPD ni wekundu, Chama cha Kijani ni kijani. Vikiungana wanaiona bendera yetu. Serikali ya kwanza ya namna hiyo katika ngazi ya jimbo iliundwa Sachsen-Anhalt mwaka 2016 chini ya Reiner Haseloff. Mwaka 2019 zikafuata za Brandenburg na Sachsen, jimbo ambalo makao yake makuu ni Dresden. Jina haliniudhi hata kidogo. Kinachoniudhi ni kwamba serikali hizo zenye rangi zetu ziliendeshwa kwa mkataba ambao sisi wenye bendera, na tuliolishwa nusu mkate, yaani serikali ya kugawana madaraka, tangu 2008, hatujawahi kuudai kwa wanasiasa wetu.

Najua kuna anayesema tayari: mwingine huyo, kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha siasa. Subiri kidogo. Sisemi Mjerumani ana akili kutuzidi. Nasema ana karatasi, na karatasi hiyo hata Kisumu au Nyeri inaweza kuandikwa.

Inaandikwa hivi. Matokeo yakishatoka, vyama vinavyoweza kupata wingi hukutana kwanza kupimana. Timu ni ndogo, na mwisho wake hutoka waraka wa kurasa chache unaopelekwa kwa vikao vya kila chama. Vikikubali, ndipo mazungumzo rasmi yanaanza. Huundwa makundi ya kazi: elimu, polisi, kilimo, afya, fedha na kadhalika. Kila chama hupeleka watu wanaoijua sekta yenyewe. Kundi hupewa tarehe ya mwisho, na mara nyingi hata idadi ya kurasa. Walichokubaliana huandikwa moja kwa moja. Walichoshindwa kukubaliana huwekwa kwenye mabano, msimamo wa chama hiki ukifuatwa na wa kile, na mabano hayo hupandishwa kwa viongozi wakuu, ambao ndio wanaokesha. Mgawanyo wa wizara huja karibu na mwisho kabisa. Hati ikikamilika huwekwa wazi, mtu yeyote akaisoma, kisha huenda kwenye mkutano mkuu wa chama au kwa kura ya wanachama wa kawaida. Baada ya hapo ndipo wabunge wa jimbo humchagua waziri mkuu wao kwa kura ya siri.

Haya yote yana saa inayohesabu. Katiba ya Sachsen inatoa miezi minne tangu bunge jipya kuketi. Waziri mkuu asipopatikana, bunge linavunjwa. Brandenburg ni miezi mitatu. Mwaka 2019 watu wa Sachsen walipiga kura tarehe 1 Septemba, na Michael Kretschmer akachaguliwa tarehe 20 Desemba. Muda huo mwingi uliishia kwenye mabano.

Ukitaka kuelewa mseto wa huku, anzia kurasa za mwisho za mkataba, pale wanapoandika jinsi watakavyofanya kazi pamoja. Kuna kifungu kinachosema vyama vya serikali havitapiga kura kinyume bungeni, wala kutafuta wingi kwa wapinzani ili kumshinda mwenzao. Kingine kinasema kila chama ndicho kinachopendekeza mawaziri wake, na waziri mkuu hamwondoi waziri wa mwenzake bila chama hicho kuafiki. Kipo kinachounda kamati ya mseto, kikitaja wajumbe wake na lini inaitwa. Na kipo cha fedha: kila ahadi humu ndani inategemea bajeti.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote kinahusu Bundesrat, baraza la majimbo kule Berlin. Katiba inataka kura za jimbo moja zipigwe kwa sauti moja. Tarehe 22 Machi 2002, wakati wa kura ya sheria ya uhamiaji, waziri mmoja wa Brandenburg kutoka SPD alisema ndiyo, na mwenzake wa CDU, Jörg Schönbohm, akasema hapana. Mwenyekiti akahesabu ndiyo. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria nzima. Ndiyo maana mikataba ya mseto majimboni huandika mapema kwamba tusipokubaliana, jimbo halitaunga mkono wala kupinga. Nao wanajua bei yake: baraza lina kura 69 na uamuzi unahitaji 35, kwa hiyo kujizuia kunaishia kuwa sawa na kukataa.

Halafu kuna kazi ya kila wiki. Muswada haufiki mezani kwa baraza la mawaziri mpaka wizara zote zinazoguswa ziupitie na kutia sahihi. Wizara moja ikigoma, faili linakwama. Makatibu wa wizara huketi kabla ya mawaziri kukutana, wanayamaliza madogo na kuacha makubwa machache. Kelele nyingi tunazozizoea sisi kwenye mazishi na harambee, huku huishia kwenye kikao hicho ambacho hakina kamera.

Sasa tazama zetu. Mkataba wa 2002 wa NAK na LDP, walioungana kwenye uchaguzi wa mwaka huo, ulikuwa wa kugawana vyeo. Wa muungano wa Kenya Kwanza wa 2022 ulivipa vyama vya ANC na Ford Kenya asilimia 30 ya serikali. Asilimia 30 ya kufanya nini? Katika mwaka huohuo, chama cha PAA kililalamika kwamba hakijapewa nakala ya mkataba wa muungano wa Azimio ambao chenyewe kilikuwa kimeutia sahihi. Na ule mseto mkubwa wenyewe wa 2008 wa Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila, wenye mawaziri 40 (serikali ya jimbo huku huwa na kama 10), ulifika Kilaguni, kwenye mbuga ya Tsavo, Aprili 2009 viongozi wakashindwana juu ya ajenda, kikao kikavunjika kabla ya kugusa jambo lolote. Februari 2010 Raila akatangaza kuwasimamisha mawaziri wawili, Kibaki akawarudisha siku ileile. Walibishana nani ana mamlaka ya kumsimamisha waziri, miaka miwili baada ya kuapishwa! Hilo lilikuwa swali la kuwekwa kwenye mabano mapema.

"Sisi tulikuwa tunazima moto, wao wanajadiliana wakinywa kahawa." Kweli kabisa, na hapo natembea kifua mbele. Watu walikuwa wanazikwa kwa vurugu za baada ya uchaguzi. Maafikiano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, mawaziri wakaapa Aprili, serikali ikafika 2013, na ndani yake tukapata Katiba ya Agosti 2010. Sijui jimbo la huku ambalo limewahi kuundiwa serikali katika hali kama ile. Lakini moto ulizimika zamani. Mikataba ya 2022 iliandikwa na mawakili waliokaa vitini, wakiwa na muda wa kutosha.

"Na kwao hakuna fujo?" Ipo, tena kwenye hiyo hiyo Kenia yao ya kwanza. Mwisho wa 2020 ada ya utangazaji wa umma ilipangwa kupanda kutoka euro 17.50 hadi 18.36 kwa mwezi, na mabunge yote 16 ya majimbo yalitakiwa kuafiki. CDU ya Sachsen-Anhalt ilikataa ikitaja mkataba wao wa mseto. AfD, chama cha upinzani cha mrengo mkali wa kulia, nayo ilikuwa inakataa. SPD na Kijani wakasema mkipiga kura pamoja na AfD, mseto umekwisha. Waziri wa mambo ya ndani, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa CDU jimboni, alizungumzia gazetini uwezekano wa chama chake kutawala peke yake. Tarehe 4 Desemba Haseloff akamfuta kazi. Siku nne baadaye akauondoa muswada, ili kusiwe na kura yoyote. Ongezeko likakwama nchi nzima, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoliruhusu mwaka 2021.

Kosa lilianzia kwenye maandishi: mkataba ulitaka ada isipande bila kusema nini kifanyike ikipendekezwa ipande. Ugonjwa wa mikataba yao ni huo. Pale wasipoelewana huandika "tutachunguza", na ukikuta neno hilo mara nyingi kwenye sura moja, jua ugomvi umehifadhiwa hapo. Vyama vidogo huumia zaidi: Kijani cha Brandenburg kiliingia kwenye uchaguzi wa 2024 kikiwa bado ndani ya mseto, kikashindwa kufikisha asilimia 5 za kuingia bungeni.

Ndugu zetu wa Zanzibar watasema wao wameyaweka kwenye katiba tangu 2010: Makamu wa Kwanza atoke chama cha pili, akiwa na angalau asilimia 10, na wizara zifuate uwiano wa viti. Nawaheshimu kwa hilo, maana ilitoka kwenye maridhiano na kura ya maoni. Lakini nayo inahesabu viti. Mtu anapewa wizara bila ukurasa mmoja unaosema serikali hiyo ya pamoja itafanya nini kuhusu ardhi, ajira au tume ya uchaguzi.

Chama cha muungano kinachotaka kushiriki uchaguzi wa 2027 kitatakiwa kupeleka mkataba wake kwa Msajili wa Vyama vya Siasa miezi minne kabla ya kura. Kaunti nazo zina miseto yake ya gavana na naibu wake, yenye ahadi za nusu kwa nusu ambazo huvunjika kabla hata bajeti ya kwanza haijapita. Kwa hiyo nawaulizeni maswali yaleyale pande zote mbili. Ni chama gani kinamtaja waziri wa fedha wa kaunti, na nani anaweza kumwondoa? Naibu gavana anasimamia idara ipi, kwa bajeti gani? Mkitofautiana juu ya bajeti, nani anaitisha kikao, ndani ya siku ngapi? Na nakala iko wapi, tuisome kabla ya kupiga kura?