Ofisa Aliponitajia Kifungo

Ofisa alizamisha mkono kwenye katoni, akatoa fulana moja, akaitandaza mezani na kusema kwa upole: "Kaka, hapa tatizo ni kifungo."

Magoti yakaniishia nguvu. Mimi ni wakala wa forodha. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 nakijua kwa moyo. Tamko la uongo: kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000. Nikaanza kumuwaza mama watoto.

Kumbe kidole chake kiko kwenye kifungo cha fulana.

Mzigo wenyewe ulikuwa fomu siksi 1,200, zile fulana zenye kola na vifungo kifuani, kutoka China, mali ya mama mmoja wa Kariakoo. Wengi huzirundika kwenye namba ya ushuru 6109 pamoja na tisheti. Mtego huo niliuruka, maana 6109 haitaki kola wala vifungo. Sura ya kitabu cha ushuru nayo nilikuwa na uhakika nayo: Kiswahili chetu kinaita vyote kufuma, lakini kwa forodha, kitambaa cha mtande na mshindio kinakwenda Sura ya 62, na cha vitanzi kama sweta, kile ukikivuta kinarefuka, Sura ya 61. Pindo la chini halikuwa na mpira wala ribu ya kubana. Ingekuwepo, tungehamia 6110. Lebo ilisema poliesta 65, pamba 35, na kinachozidi kwa uzito ndicho kinachotawala. Basi nikaandika 6105.20, mashati ya kiume, nikajinunulia soda.

Jinsia ya nguo nayo ina kanuni yake, ipo kwenye maelezo ya sura hiyohiyo. Upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia, nguo ni ya kiume; wa kulia ukiwa juu, ya kike, labda mkato wenyewe uonyeshe wazi vinginevyo. Isiyojulikana ni ya nani inahesabiwa ya kike. Mimi nilikagua kwa picha ya WhatsApp: kushoto kuko juu. Dume hilo.

"Kushoto kwa nani?" ofisa akauliza.

"Kwangu."

"Kwani wewe ndiye fulana?"

Akanipa niivae. Nikaivalia juu ya shati langu katikati ya ghala, joto la Dar linanichemsha, vibarua wameacha katoni wananitazama. Fulana saizi M, mimi mtu wa XXL. Ikanikwama makwapani, mikono ikabaki juu kama ninayesalimu amri. Nikainamisha kidevu. Ule upande uliokuwa kushoto kwangu kwenye picha sasa uko kulia kwangu, na ndio umelala juu.

"Bosi umependeza," kijana mmoja akasema, "ila hiyo ya dada."

Tukabadilisha tamko kwenda 6106.20. Siku tatu zikakatika kati ya barua na marekebisho, huku gharama za ghala zinahesabu. Halafu nikampigia mwenye mali.

"Kodi imeongezeka, mwanangu?"

"Hapana, mama." Tangu Julai 2022 nguo hizi ziko kwenye asilimia 35, ziwe za kiume au za kike. Mzigo wa milioni 12 pamoja na nauli na bima unalipa ushuru 4,200,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya hapo, nayo haichagui kiume wala kike. Shilingi haikusogea.

"Imepungua?"

"Haijapungua."

"Sasa siku tatu zote mlikuwa mnafanya nini huko?"

"Kifungo, mama."

Simu ikawa kimya.

"Wamekufunga? Siku tatu? Kwa ajili ya fulana zangu? Jamani, pole mwanangu!"

Nilitaka kumweleza habari za kushoto na kulia, kweli nilitaka. Lakini kesho yake akaleta ofisini hotipoti la pilau, na kachumbari pembeni.