Stelingi wa Hanuka: The Hebrew Hammer inamcheka nani?

Jamaa mwenye koti refu la ngozi, mkufu mnene na misokoto ya nywele kando ya masikio anaingia kwenye baa iliyojaa vijana wenye vipara wanaohusudu Unazi. Haagizi wiski. Anaagiza Manischewitz, divai tamu ambayo familia nyingi za Kiyahudi Marekani huinywa sikukuu zikifika, na anaitaja kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwaga damu. Muda si mrefu bunduki zinatoka, na salamu anayowapa ni ile ya Sabato, “Shabbat shalom”, ikifuatwa na tusi ambalo sitaliandika hapa.

Huyo ndiye Mordechai Jefferson Carver, mpelelezi Myahudi wa The Hebrew Hammer, filamu ya mwaka 2003 iliyoandikwa na kuongozwa na Jonathan Kesselman, Adam Goldberg akiwa stelingi. Kisa ni cha kipuuzi kwa makusudi. Damian, mtoto mwovu wa Baba Krismasi, anamuua baba yake, anarithi kiti na kuapa kuzifuta Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, na Kwanzaa, ya Wamarekani weusi. Mordechai anapewa kazi ya kumzuia.

Wanaoichukia filamu hii, wakisema inawadhalilisha Wayahudi, hawana hoja nyepesi. Wanaomtuma Mordechai ni shirikisho la Wayahudi ambalo ndani yake kuna kundi linalojiita, bila haya, Njama ya Kiyahudi ya Vyombo vya Habari Duniani. Ni utani, ndiyo. Lakini uongo kwamba Wayahudi wanaiendesha dunia kwa siri ulichapishwa Urusi mwaka 1903 ukijifanya kumbukumbu za vikao vya kweli, kisha Wanazi wakautumia kuwachochea watu. Kujitetea kwamba mtunzi naye ni Myahudi hakunitoshi. Filamu ikishatoka haichagui mtazamaji, na mwenye chuki atacheka palepale anapocheka mwenye mapenzi, kila mmoja kwa sababu yake.

Hata hivyo, ukitazama kundi la pili katika shirikisho hilohilo, Muungano wa Wanamichezo wa Kiyahudi, unaona Kesselman anakolenga. Sifa mbili mbaya zimeketi meza moja: Myahudi anayetawala dunia, na Myahudi asiyeweza hata kurusha mpira. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na kichekesho kinazianika hivyo bila hotuba. Hiyo ya pili ni ya zamani. Mwaka 1898, huko Basel, Uswisi, Max Nordau, mmoja wa viongozi wa Wazayuni waliodai taifa la Wayahudi, alisimama mbele ya kongamano lao akataka Wayahudi wenye misuli. Miongo baadaye Hollywood ilipata mashujaa wake wa Kiyahudi, ila majina yalibaki mlangoni: Issur Danielovitch akawa Kirk Douglas, Bernard Schwartz akawa Tony Curtis. Mordechai hafichi kitu, na tena anapigana huku mama yake akimsumbua mpaka anakosa raha. Anayechekwa hapo ni stelingi mwenyewe, yule wa “stelingi hafi” tuliyemzoea.

Kuna lalamiko jingine, la watu wa dini: kwa nini Hanuka? Kisheria ni sikukuu ndogo, haifikii Pasaka wala Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Imevimba Marekani kwa sababu ya jirani yake wa Desemba, Krismasi. Nadhani filamu inalijua hilo. Silaha ya Damian ni kuwagawia watoto wa Kiyahudi kanda za It's a Wonderful Life, ile filamu ya Krismasi ya mwaka 1946, ili wageuke. Mordechai anajibu kwa kusambaza Yentl, filamu ya Barbra Streisand kuhusu msichana wa Kiyahudi. Mtoto wa jamii ndogo hahitaji kuhubiriwa ili ajione amepungukiwa. Televisheni ya mwezi mmoja inatosha. Kwangu hicho ndicho kichekesho bora kuliko vyote humo.

Panapolegea ni kwenye deni lake kwa watu weusi. Mtindo mzima, kuanzia koti hadi mwendo, umetoka kwenye filamu za mashujaa weusi za miaka ya 1970, Shaft na wenzake. Filamu hizo nazo zilizua ugomvi wa namna hii hii: kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu mweusi akishinda kwenye skrini, ilhali NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, mwaka 1972 ilizishambulia kwa kuwauzia vijana sura za makuwadi na wauza unga. Kesselman anajua alikokopa, kwani amemwita Mario Van Peebles, ambaye baba yake, Melvin, alitengeneza mojawapo ya filamu hizo, Sweet Sweetback's Baadasssss Song, mwaka 1971, na Melvin mwenyewe anapita kidogo humo.

Ila Mario kapewa nini? Anaongoza Kundi la Ukombozi wa Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga California mwaka 1966 na ambayo nguzo zake saba, kuanzia Umoja hadi Imani, zinatajwa kwa Kiswahili. Hakuna hata nguzo moja inayopata mzaha wake. Utani wa Hanuka umeandikwa na mtu aliyekulia ndani yake. Wa Kwanzaa unaishia kwenye jina la mhusika, Mohammed Ali Paula Abdul Rahim, bondia na mwimbaji wakiunganishwa jina moja, na hapo wino ukakauka. Ndiyo maana nikiulizwa kama filamu inawadhalilisha Wayahudi, nasema hapana, japo kwa wasiwasi. Nikiulizwa kama imewatendea haki wenye Kwanzaa, sina wasiwasi wowote: haikujaribu.