Bomu la 1998 bado si historia

Wiki iliyopita nilimpa mpwa wangu hadithi fupi niliyoiandika. Ana miaka 21. Alinirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni kwa kalamu: "Nzuri sana, shangazi. Sikujua siku hizi unaandika hadithi za kihistoria."

Hadithi yenyewe inaanza Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, hapa Nairobi. Nilikuwa na miaka 13. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, madirisha yetu Buruburu yalitetemeka, na mama alikuwa mjini. Alifika jioni kwa miguu, viatu mkononi. Vumbi lililokuwa kwenye nywele zake naliona hata sasa. Historia gani hiyo?

Wapo waliojaribu kuweka mpaka kwa hesabu. Uingereza kuna tuzo ya riwaya za kihistoria yenye jina la Walter Scott, na sharti lake ni kwamba sehemu kubwa ya kisa iwe imetokea angalau miaka 60 kabla ya kuandikwa. Hesabu hiyo inatokana na riwaya ya Scott mwenyewe, Waverley ya 1814, yenye jina dogo la "Ni Miaka Sitini Iliyopita", inayosimulia uasi wa 1745 huko Uskoti. Kwa kipimo hicho, Uhuru wetu wa tarehe 12 Desemba 1963 umevuka mpaka juzi tu, mwaka 2023, nayo Agosti yangu itangoja hadi 2058.

Mimi naona tuangalie mwandishi alivyokipata kisa chake. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat mwaka 1967, kuhusu siku zilezile za kuukaribia Uhuru. Alikuwa anaandika habari za majirani zake, watu waliokuwa bado wanaogopa kutazamana machoni. Leo mwanafunzi anaweza kukisoma ili aijue historia, na ni haki yake, lakini kitabu hakigeuki kuwa cha kihistoria kwa sababu karatasi zake zimekuwa za manjano. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, hali ilikuwa tofauti kabisa. Vita vya Maji Maji vilipiganwa 1905 hadi 1907, kabla hajazaliwa. Ilibidi avifuate kwa masimulizi ya wengine.

Tofauti hiyo naijua mezani kwangu. Kuna hadithi nyingine ninayohangaika nayo, ya tarehe 24 Aprili 1954, siku Waingereza walipouzingira mji huu kuwasaka Mau Mau, kwa Operesheni Anvil, na kuwakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kila sentensi hunisimamisha. Walikunywa chai saa ngapi? Askari aliamrisha kwa lugha gani? Yule aliyevikwa gunia kichwani ili awatambulishe wenzake, alitikisa kichwa au alinyoosha kidole? Naenda kwa wazee, nauliza, nauliza tena. Hiyo ni hadithi ya kihistoria na nitaiita hivyo bila kusita. Ile ya 1998 sikumuuliza mtu. Kazi ilikuwa kujizuia nisiseme yote.

Tena neno hilo lina uzito wake. Ukishasema "kihistoria", msomaji anachukulia kwamba mambo yamekwisha, waliozikwa wamezikwa. Waliokufa Nairobi siku hiyo walikuwa zaidi ya 200, na miaka mingi baadaye manusura walikuwa bado wanadai fidia. Kuna watu walioachwa vipofu na vioo vile ambao tunapishana nao mjini kila siku. Sina moyo wa kuwaweka kwenye rafu moja na Scott.

Lakini mpwa wangu aliandika jambo jingine chini ya ukurasa wa pili, na hilo lilinishinda. Aliuliza: "Kwa nini mama yake hakupiga simu?"

Haikunijia kabisa kwamba hilo linahitaji kuelezwa. Nimeongeza sentensi moja: nyumbani hatukuwa na simu, kibanda cha simu kilikuwa karibu na duka, na foleni yake ilizunguka hadi nyuma.