Tusi Lililotoka Kanisani

Neno "fan" la Kiswidi, ambalo Wanorwe husema "faen" na Wadenmaki "fanden", ni miongoni mwa matusi ambayo mgeni wa nchi hizo huyasikia mapema sana. Mtu akijikwaa, akiachwa na basi, au timu yake ikifungwa dakika ya mwisho, ndilo linalomtoka. Wengi hulihesabu kuwa uchafu wa mdomo tu, nami naona huko ni kulidhulumu, kwa kuwa limebeba historia ya dini ya watu wa kaskazini kuliko maneno mengi ya heshima.

Maana yake ni Shetani. Maelezo yanayokubalika zaidi hulirudisha kwenye Kifrisia cha kale, lugha ya pwani ya Bahari ya Kaskazini, ambamo kitenzi "fandia" kilikuwa na maana ya kujaribu au kushawishi. "Fanden", basi, ni yule anayejaribu, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamfahamu vizuri, maana katika Mathayo 4:3 anayemwendea Yesu nyikani anaitwa Mjaribu. Naamini jina hilo liliwafaa watu kwa sababu liliwawezesha kumsema Ibilisi bila kumwita kwa jina lake hasa. Lakini hofu haikukubali kufichwa: kadiri neno lilivyozoeleka ndivyo lilivyochafuka, mpaka nalo likahitaji kusitiriwa, na leo Mswidi anayechunga ulimi wake mbele ya watoto husema "sjutton", yaani 17, badala ya "fan".

Laana yao nyingine, "satan", ina undugu na shetani wetu. Asili ya yote mawili ni lugha za Kisemiti, ila lao limepitia Biblia na letu limepitia Kiarabu.

Ninaloliheshimu zaidi ni kwamba wasomi wao hawakuona haya. Kamusi kubwa ya Akademia ya Uswidi, iliyoanza kutolewa mwaka 1893 na kukamilika mwaka 2023, imeliingiza "fan" pamoja na asili yake na mifano ya matumizi yake. Matusi ya Kiswahili nayo yanastahili kazi kama hiyo, ifanywe na wanaisimu wetu wangali hai wazee wanaoweza kueleza kila tusi lilitoka wapi, lilitamkwa na nani, na kwa nini lilimuumiza aliyetukanwa.