Kopo la Shangazi

Pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni. Maskani yake ni nyuma ya magoti na kwenye vikunjo vya viwiko, na ikiamka usiku najikuna hadi shuka linapata madoa ya damu. Haiambukizi, ila nikianza kujikuna ndani ya daladala, jirani yangu hukumbuka ghafla kwamba anashuka kituo kinachofuata. Napata siti mbili.

Daktari alinipa masharti: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kucha fupi, na mafuta mazito ya mgando ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. La kuweka kopo kwenye friji nililiongeza mwenyewe. Mafuta ya baridi yanatuliza muwasho, acha tu.

Wiki hiyo shangazi alikuwa amekuja kutoka Tanga. Na shangazi yangu hatupi kopo. Likiisha mafuta linaoshwa, linapewa kazi nyingine.

Ijumaa usiku niko bafuni, umeme ukakatika. Dakika tatu zinakwenda! Nikachomoka na taulo, nikapapasa friji, nikalikamata kopo, nikachota kwa vidole vinne. Yana chengachenga. Nikajua yameganda. Harufu? Pumu hii kwangu imekuja na ndugu yake, mafua ya aleji, na pua siku hiyo ilikuwa imefunga ofisi. Nikapaka goti la kulia, la kushoto, na mikwaruzo yote ya jana, bila ubahili, kama alivyosisitiza daktari.

Mwanzo ubaridi mtamu. Nikafumba macho.

Kisha pilipili ya kusaga, yenye siki na ndimu, ikaingia kwenye michubuko.

Sijui nilipiga ukelele wa namna gani, ila shangazi huko chumbani alisikia mwizi, akaitikia, "Mwiziii!" Majirani wakaingia na tochi za simu na mchi wa kinu, wakamkuta mwizi kakaa ndani ya beseni, taulo shingoni, anajimwagia magotini maziwa ya chai ya asubuhi.

Shangazi akaokota kopo, akalimulika.

"Mwanangu, hii si pilipili?"

"Nimeshajua, shangazi."

Akachungulia tena ndani, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Sasa mihogo kesho tutaila na nini?"