Kimpira cha plagi, siku 213 na uoga wetu wa kuapdeti

Oktoba 2013 Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya netwaki, walitoa tangazo ambalo mafundi netwaki wakikutana bado wanalichekea. Swichi zao (yale maboksi ya kuunganisha kompyuta za ofisi kwa waya) za Catalyst 3650 na 3850, zile za poti 48, zilikuwa na kitufe cha Mode kimekaa juu tu ya poti namba 1. Sasa ukichomeka waya wenye kile kimpira kinachokinga ulimi wa plagi, kimpira kinakibonyeza kitufe, kitufe kikibonyezwa sekunde kadhaa swichi inajiriseti inarudi kwenye setapu ya mwanzo, yaani umechomeka waya mmoja na ofisi nzima imekata. Dawa yake ilikuwa utumie waya usio na kimpira au uandike amri ya kukizima hicho kitufe.

Mtu unajiuliza, hii swichi imepita mikono ya watu wangapi mpaka ikaingia kwenye katoni, na hakuna hata mmoja aliyechomeka waya wa dukani kwenye poti ya kwanza?

Ila ukimsikiliza mtu wa upande wa kiwandani utamuonea huruma kidogo. Swichi moja ya biashara ina VLAN (kuigawa netwaki vipande), ina PoE (kupitisha umeme kwenye waya wa netwaki), ina routing (kuelekeza trafiki), inaungwa na wenzake kwenye raki, kila kimoja peke yake kinafanya kazi fresh, shida ni vikikutana, na michanganyiko yake haihesabiki. Wanapima kweli, wana vipimo kama vya RFC 2544, waraka wa kiufundi wa mwaka 1999, vya kuangalia spidi, ucheleweshaji na pakiti zinazopotea, wana vyumba vya joto, wanaiacha mashine inawaka siku kadhaa kabla ya kuitoa. Lakini unapima ulichokiwazia, na kimpira hakuna aliyekiwazia.

Halafu kuna makosa ambayo mimi nawasamehe kabisa. Februari 2017 Cisco walitangaza kwamba kuna kipuri cha kutoa mapigo ya saa ndani ya baadhi ya rauta, swichi na fayawoli (mashine za kuchuja trafiki ya netwaki) zao kinaweza kuanza kufa baada ya kama miezi 18 ya kazi, na kikifa kifaa hakiwaki tena, ni jiwe. Hawakumtaja aliyewauzia, ila mwezi mmoja nyuma yake Intel walikuwa wameshaandika kasoro ya aina hiyo hiyo kwenye chipu zao za Atom C2000, watu wakajumlisha wenyewe. Kipuri kinachochoka taratibu mwaka na nusu utakikamataje maabara? Joto linaharakisha uchakavu wa baadhi ya vitu, sio vyote.

Sasa linganisha na hii, mwaka huo huo 2017. Fayawoli za Cisco ziitwazo ASA, zenye matoleo fulani ya programu zilikuwa zikikaa siku 213 na masaa 12 bila kuzimwa zinaacha kupitisha trafiki, unazima unawasha, unaanza kuhesabu upya. Au ukitoka kidogo kwenye netwaki uende kwenye storeji, kampuni ya HPE Novemba 2019 walitangaza diski za SSD zinazokufa pamoja na data zake zikishafanya kazi masaa 32,768, namba ambayo mtu yeyote aliyesoma kompyuta akiiona anajua kuna kihesabio ndani ya programu kimejaa, hakina namba ya mbele. Hapa kisingizio cha "hatuwezi kusubiri miaka maabara" mimi sikipokei, kwa sababu haihitaji kusubiri, unakisogeza kihesabio mbele halafu unaangalia kikijaa nini kinatokea. Wale wa mfumo endeshi wa Linux wana ujanja mtamu sana kwenye hili, kihesabio chao cha muda kinachoitwa jiffies wamekianzisha makusudi kwenye namba ambayo kitajaa dakika 5 tu baada ya mashine kuwaka, kama programu yako ya kuendesha kifaa ina kasoro hiyo itajitokeza hujamaliza hata chai.

Hoja nyingine ya watengenezaji ni kwamba siku hizi kuna apdeti, wacha kifaa kitoke, kasoro zitarekebishwa huko mbele. Ina ukweli wake. Tundu la usalama la Oktoba 2023 kwenye IOS XE, programu ya rauta na swichi za Cisco, lililoandikishwa kama CVE-2023-20198, lilipewa alama 10 kwa 10 na wahuni walikuwa wanalitumia kabla pachi (apdeti ya kuliziba) haijatoka, hapo nani angesema pimeni kwanza miezi sita? Haraka ina muda wake.

Lakini angalia rauta za MikroTik, maana hizi ndizo zimejaa kwa watoa intaneti wadogo huku kwetu. Tundu la Winbox, programu ya kuzisimamia rauta hizo, walilirekebisha Aprili 2018, pachi ipo, bure, na bado miezi iliyofuata rauta kwa mamia ya maelfu duniani zikatekwa zikawa zinawachimbia watu sarafu za kidijitali. Wenye rauta hawakuapdeti. Uvivu upo, sikatai, ila wengi hawaapdeti kwa sababu wameshaungua. Mimi mwenyewe niliwahi kuapdeti swichi za hoteli moja usiku wa manane, kampuni siitaji, asubuhi PoE imegoma nusu ya poti, kamera zimezima, simu za vyumbani zimekufa, meneja ananiita "fundi" kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Baada ya hapo kila nikiona apdeti mpya naipa mwezi. Kwa hiyo upimaji mbovu wa toleo la leo ndio unaofungua tundu la mwakani, na hiki kipande sijaona wanakiweka kwenye hesabu wanaposema upimaji ni gharama. MikroTik angalau wanakugawia programu kwa mafungu, testing, stable na long-term, unajua unachojitakia.

Na huku kwetu kuna la ziada. Vifaa vingi vya ofisi vimeandikwa nyuzi 0 mpaka 40, stoo ya chini ya bati Dar mwezi wa pili inazipita hizo, ongeza vumbi, umeme unaokatika, na mjusi aliyejenga kwenye feni. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wana uidhinishaji wao wa vifaa, lakini hiyo ni habari ya viwango, masafa na usalama, haitakuambia fimweya (programu ya ndani ya kifaa) itadumu. Hata kile kipuri cha saa, Cisco walibadilisha kwa wenye waranti au mkataba wa huduma uliokuwa hai Novemba 16, 2016, sasa wewe uliyenunua yuzdi Kariakoo mkataba unautolea wapi?

Kwenye kalenda ya simu yangu kuna kengele ya kila siku 200 ya kuristati fayawoli ya mteja mmoja. Ni ya kampuni nyingine kabisa, ugonjwa wa siku 213 haijawahi kuwa nao, na kuifuta hiyo kengele sijathubutu.